Kivuli cha Mtaa wa Tano

Enzi zile, mgeni aliyesimama upande wa pili wa daraja akautazama mji wa Lindahl, Minnesota, hakuona nyumba hata moja. Aliona mnara wa kanisa, tangi la maji, na majani. Chini ya majani hayo waliishi watu elfu tisa. Mielmu, miti mirefu yenye matawi mapana, ilikuwa imepandwa na mababu waliotoka Norwe na Bohemia, safu mbili kila mtaa, ikarefuka hadi matawi ya upande huu yakashikana na ya upande ule juu ya barabara. Katika Mtaa wa Tano kivuli kilikuwa kizito hata manyunyu ya mvua hayakufika chini, na katika joto la Julai mtu alitembea kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake bila kukunja uso.

Katika mtaa huo aliishi Halvor Brekke, meya wa mji, pamoja na mkewe Ardis. Halvor alikuwa na duka la misumari, rangi na vifaa vya bomba. Alikuwa mtu mkunjufu, mwepesi wa mzaha, na hakuna mjane aliyekwama na bomba lililopasuka ambaye hakumwendea. Kasoro yake ilikuwa moja. Tatizo ambalo halijabisha hodi mlangoni kwake, kwake yeye halikuwa tatizo.

Ardis alipiga kinanda cha kanisa kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, na adui mkubwa wa maradhi hayo ni joto. Akipigwa na jua kwa dakika chache, miguu yake ililegea kama mshumaa karibu na jiko. Lakini kutoka nyumbani hadi kanisani palikuwa na mwendo wa nyumba kumi na nne, zote chini ya mielmu. Kila asubuhi alichukua mkongojo wake, akaenda kufanya mazoezi, akarudi. Daktari alimwambia kwamba matembezi hayo ndiyo dawa yake, na Ardis hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mwaka ule mafuta ya kupashia nyumba joto yalipopanda bei na kila nyumba ikatafuta jiko la kuni, Halvor alipigiwa simu na dada yake Borghild, aliyekuwa akiishi mji wa Kesting, kilomita ishirini ukiufuata mto kwenda juu.

"Njoo uone, mdogo wangu," alisema Borghild. "Njoo kabla sijahama."

Halvor aliendesha gari lake la mizigo hadi Kesting, akaupita mtaa wa dada yake bila kuutambua. Ilimbidi ageuze gari na kuhesabu nyumba. Mtaa mzima ulikuwa mweupe kwa jua. Pale palipokuwa na miti palibaki visiki vipana kama meza, na nyumba zilizokuwa zimejificha kwa miaka sabini zilionekana zote, na rangi yake iliyobanduka, kama watu waliokurupushwa bafuni. Borghild alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa kichwani, mkono juu ya macho.

"Karibu jangwani," alisema.

"Mmeifanya nini miti yenu?"

"Hatukuifanya kitu. Kosa lenyewe ndilo hilo." Akamketisha jikoni, akamtilia kahawa. "Tawi moja tu liligeuka njano mwezi wa Juni, kama vile majira ya kupukutika yamepotea njia. Tukasema ni jua. Mwaka uliofuata ikawa miti arobaini. Mizizi yake imeshikana huko chini, Halvor. Mmoja akiugua anawagawia jirani zake. Na vile vidudu vinavyoeneza ugonjwa, ukivitazama, havifiki hata punje ya mtama."

Halvor alicheka. "Watu wa Kesting hata magugu yanawashinda! Sisi kwetu miti ina mtu wa kuitunza."

"Cheka tu. Na sisi tuliwacheka watu wa kusini huko, walipoanza."

Uani kulikuwa na rundo la magogo ya mwelmu uliokatwa wiki ile, magome yake bado yameshika. Halvor aliyazunguka mara mbili, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Haya yanakwenda wapi?"

"Manispaa watayachukua kesho wakayachome."

"Wayachome! Mafuta bei hii, nyinyi mnachoma kuni jalalani?"

"Wamesema yasitoke hapa mjini, Halvor. Ni amri."

"Amri ya Kesting. Mimi ni meya wa Lindahl." Akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Borghild aliujua ukaidi wa nduguye tangu utotoni, na alikuwa amechoka na mwaka ule. Alitikisa kichwa, kisha akamsaidia kufunga kamba.

Mwezi wa Oktoba baraza la Lindahl lilikutana alasiri moja kuandika orodha ya vipaumbele, yaani mambo ambayo mji ungeliomba bunge la jimbo liyafanyie kazi. Wazee wa mji waliijua desturi: orodha ndefu haisomwi. Mambo matatu husikilizwa, matano huvumiliwa, na yanayozidi hapo ni kupoteza wino.

Clarence Vavra, bwana miti wa mji, aliomba dakika tano. Alikuwa mtu mkimya, koti lake likinukia vumbi la msumeno, na kusema mbele ya watu kulimtoa jasho kuliko kupasua magogo. Aliweka juu ya meza kitawi kilichobanduliwa gome. Ndani yake palikuwa na michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagika kitambaani.

"Hiki nimekitoa Kesting," alisema. "Kwetu bado. Naomba mambo mawili. La kwanza, miti iwe nambari moja kwenye orodha. Bunge likitupa fedha, nitaweza kukata kila mti mgonjwa kabla haujaambukiza. La pili ni la kwetu wenyewe: tupitishe sheria ndogo, niruhusiwe kukagua kila ua, na mtu asiweke kuni za mwelmu zenye gome. Vidudu hulala humo."

Diwani Leland Krause, mwenye kiwanda cha jibini, aliegemea kiti. "Clarence, mti mmoja umekufa hapa mjini?"

"Hapana."

"Basi unatuuzia jeneza na mgonjwa hana hata mafua!"

Watu wakacheka. Krause akaendelea, "Paa la ukumbi wa michezo ya barafu linavuja. Watoto wetu wanacheza magongo kwenye madimbwi. Hilo ndilo nambari moja."

"Nambari moja ni daraja la pili," alisema mwingine.

"Na saa za duka la pombe la manispaa je? Bila duka lile hata mishahara yenu hamuioni," akadakia wa tatu.

Wakavutana hadi kahawa ikaisha. Karani Verna Tollefsrud, mwanamke mwenye mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula, aliandika akafuta, akaandika tena. Mwisho miti ikawa nambari ya saba. Kisha mtu akakumbusha kwamba yapelekwe matano tu. Sheria ndogo iliahirishwa hadi masika, "ili ichunguzwe vizuri." Halvor ndiye aliyegonga nyundo. Aliigonga haraka kidogo, maana alikuwa na kuni uani.

Jumamosi iliyofuata Clarence alikwenda kwa meya kumrudishia ngazi aliyoazima. Alipofika nyuma ya nyumba alisimama kama aliyeona nyoka.

"Mheshimiwa, kuni hizi zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwa Mungu, kama kuni zote."

Clarence hakucheka. Alichomoa kisu, akabandua gome. Chini yake palikuwa na vijia vingi vilivyochimbwa kwa ustadi kama nakshi, na katika kila kijia kifunza cheupe kimejikunja. "Hawa wamelala. Majani yakichipua, wataamka waruke. Zichome, tafadhali. Au zote zibanduliwe magome."

"Nitazimaliza kabla ya theluji kuyeyuka."

"Naomba unipe neno lako."

"Nimekupa. Neno la Brekke." Halvor akampiga begani. "Na hili lisifike barazani, sawa? Krause atanicheka hadi Krismasi."

Ardis alikuwa akiwasikia kutoka ukumbi wa nyuma. Clarence alipokwenda zake alimwambia mumewe, "Umemwahidi, Halvor."

"Nimemwahidi, mke wangu. Kwani mimi mtoto?"

Lakini mwelmu ni mti mbishi. Nyuzi zake zimesukana, na shoka likiingia halitoki. Mwezi wa Januari mgongo wa Halvor ulimkaza, akanunua kuni za mwaloni zilizokwisha kupasuliwa na mkulima mmoja, akazitumia hizo. Rundo la mwelmu likabaki nusu, limefunikwa na theluji nyuma ya banda. Ardis alimkumbusha mwezi wa Februari, akajibiwa "wiki hii." Alimkumbusha tena Machi. Aprili mto ulifurika, na meya alikesha siku kumi na moja akipanga mifuko ya mchanga pamoja na watu wake, kazi ambayo hakuna aliyethubutu kuibeza. Maji yalipopungua na Halvor akarudi nyumbani akiwa na ndevu za wiki mbili, mielmu ilikuwa imekwisha chipua majani. Alikwenda nyuma ya banda. Magome ya kuni zake yalikuwa yamejaa vitundu vidogo vidogo, kama yamepigwa risasi za kuwindia ndege. Wenyeji wake walikuwa wamekwisha hama.

Alizichoma siku ile ile, nusu saa nzima akitazama moto. Hakumwambia mtu.

Katikati ya Juni Ardis aliinua macho njiani kwenda kanisani, akaona tawi moja la mwelmu wa mbele ya nyumba yao limegeuka njano. Aliegemea mkongojo, akalitazama vizuri. Kisha akarudi ndani, akampigia Clarence simu, si mumewe.

Clarence alikata tawi, akabandua gome, akaona ile chai iliyomwagika. "Ni wenyewe," alisema. Alitaka kuukata mti siku hiyo, achimbe mtaro wa kutenga mizizi, kisha akague kila ua wa mji. Mti aliukata. Mtaro aliuchimba. Lakini alipofika kwa Krause alimkuta amesimama langoni.

"Unakwenda wapi na kisu hicho?"

"Kukagua miti yako, Diwani. Ule wa nyuma umenyauka kileleni."

"Nionyeshe sheria inayokuruhusu."

"Hakuna. Mliiahirisha, na baada ya mafuriko hamkuirudia."

"Basi na wewe jiahirishe! Hata gavana haingii uani kwangu bila ruhusa."

Clarence alikwenda dukani kwa meya, akamkuta akipanga makopo ya rangi. "Itisha baraza la dharura, Mheshimiwa. Tupitishe sheria wiki hii. Bado ni miti saba tu."

Halvor aliligeuza kopo moja, akayatazama maandishi yake kama hajawahi kuyaona. Baraza likiitishwa, wangeuliza ugonjwa umeingiaje. Wangefika nyuma ya banda. "Tusiwatie watu hofu," alisema. "Tungoje tuone."

"Tungoje tuone nini?" Clarence alimtazama hadi Halvor akainamisha macho. "Wewe unajua. Na mimi najua. Nilinyamaza kwa sababu ulinipa neno lako."

Akatoka. Kengele ya mlango ililia nyuma yake, na Halvor akabaki na kopo mkononi.

Wiki tisa zikapita hivyo. Miti saba ikawa ishirini, ishirini ikawa themanini. Mwezi wa Septemba baraza likaitishwa hatimaye, na sheria ndogo ikapita bila mtu hata mmoja kuipinga. Krause mwenyewe aliinua mkono, maana uani kwake palikuwa na maiti tatu zilizosimama. Waliandika barua kwa bunge la jimbo. Jibu lilikuja kwa karatasi nzuri na maneno ya adabu: msaada wa miti ulikwisha pitishwa katika kikao kilichopita, ukagawiwa miji iliyouomba. Jina la Lindahl halikuwamo. Mji uliombwa kuwa na subira hadi kikao kijacho.

Ugonjwa haukuwa na subira. Kiangazi kilichofuata misumeno ilianza kulia saa moja asubuhi na kunyamaza saa kumi na moja jioni, mtaa baada ya mtaa, na watu walijifunza kuzungumza kwa kupaza sauti. Mti wa miaka tisini uliangushwa kwa dakika arobaini. Wazee walitoa viti nje, wakashika tama, wakatazama kama watu walio mazishini. Mtaa wa Tano ulimalizwa mwezi wa Julai. Jioni ya siku ya mwisho jua liliingia nyumbani kwa Brekke kupitia madirisha ambayo halikuwahi kuyafikia, likafika hadi kwenye picha za ukutani.

Halvor alinunua mashine ya kupoza hewa, akaiweka kwenye dirisha la chumba cha kulala. Chumba kikawa baridi, na Ardis akawa mfungwa wake.

"Nitakupeleka kanisani kwa gari," Halvor alimwambia.

"Na huko ndani je? Lile kanisa sasa ni tanuri. Vidole vinanilegea kwenye vibao." Akautazama mkongojo wake. "Tena sikuwa nakwenda kwa ajili ya kinanda peke yake. Nilikuwa natembea, Halvor."

Asubuhi moja ya Agosti, Halvor akiwa dukani, Ardis alichukua mkongojo akatoka. Alikadiria kwamba saa mbili jua lingekuwa bado dogo. Alifika nyumba ya sita. Pale miguu ikamwacha, akaanguka juu ya njia ya saruji iliyokwisha kuwa ya moto, karibu na kisiki, na mfupa wa nyonga ukavunjika. Alilala hapo robo saa kabla ya mpeleka barua kumwona. Alipoulizwa alikuwa akienda wapi, alijibu, "Mazoezini."

Hakutembea tena. Baada ya hospitali alipelekwa nyumba ya kutunzia wagonjwa katika mji mwingine, kwani Halvor hakuweza kumwinua peke yake. Alimtembelea kila Jumapili, akimpelekea mkate mwembamba wa viazi aliojifunza kuoka mwenyewe, na kuuunguza. Siku moja alimwambia, "Ardis, ule ugonjwa niliuleta mimi. Zile kuni."

"Najua," alisema Ardis. "Nilikuwa ukumbini siku ile." Alikuwa akitazama nje ya dirisha. "Nimekungoja uniambie miaka miwili."

Halvor alitaka kumshika mkono. Ardis hakumnyima, lakini vidole vyake havikujikunja kuushika wa mumewe.

Oktoba ikafika, na baraza likakutana kuandika orodha ya vipaumbele. Kiti cha Clarence kilikuwa kitupu. Alikuwa ameajiriwa na mji mmoja wa magharibi ambao ulikuwa na miti bado. Halvor alisimama. Alikuwa amekonda, na shati lake halikupigwa pasi.

"Kabla ya orodha," alisema, "kuna jambo la kuandikwa. Kuni za kwanza zenye ugonjwa nilizileta mimi, kutoka uani kwa dada yangu Kesting. Nilionywa huko, nikacheka. Nilionywa hapa, nikaahidi nisitimize. Ugonjwa ulipoanza, nilinyamaza wiki tisa kuficha aibu yangu. Leo ni siku yangu ya mwisho katika kiti hiki."

Krause, ambaye hakuwa tena na la kuchekesha, alisema kwa sauti ndogo, "Ulizileta peke yako, Halvor. Lakini nambari saba tuliipigia kura sote."

"Basi tuandike upya," alisema Halvor. "Nambari moja: kuokoa miti."

Verna aliweka kalamu kwenye karatasi, akaiinua. Alitazama dirishani, ambako mji wote ulionekana wazi hadi mtoni, paa kwa paa. Hakuwa na nia ya kumkejeli mtu; alikuwa karani, na alitaka kuandika sawasawa.

"Miti ipi, Mheshimiwa?"

Halvor aligeuka, naye akatazama dirishani. Kesting ilikuwa imenyolewa mbele ya macho yake, naye akarudi kwao na kichwa kikavu, akicheka, akiubeba wembe kwenye gari lake mwenyewe. Na hivyo ndivyo Lindahl ilivyojifunza, baada ya kubaki na upara, kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.